Mwenye Macho Naye Huambiwa Tazama

Nyamirambo ni mtaa wa Kigali ambako Kiswahili kilizungumzwa miaka mingi kabla Bunge la Rwanda halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Ni nadra kuingia saluni ya kunyolea huko ukakuta runinga imezimwa. Mara nyingi kinachochezwa ni agasobanuye: muvi ya Kikorea, ya Kihindi au ya Kimarekani iliyowekewa sauti ya mtu mmoja anayeisimulia kwa Kinyarwanda toka mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo ndiye baba, ndiye binti, ndiye polisi, ndiye jambazi. Halafu kuna pahala anaacha kuwa hao wote, anasema yake mwenyewe, na utamu unaanzia hapo.

Wasomi wetu huzidharau muvi hizi. Husema ni kelele, na tena ni mali ya watu. Hilo la pili lina uzito: aliyetoa jasho kutengeneza filamu ile Seoul au Mumbai aghalabu haambulii kitu kwenye flashi inayouzwa mtaani. Lakini ukiniuliza ni nani mhakiki hodari wa filamu katika mji huu, sitakupeleka kwa mwandishi wa gazeti. Nitakupeleka kwa hawa wafasiri wa agasobanuye.

Tazama tukio la kawaida kabisa. Mwanamke anafungua barua, anaisoma, hasemi neno. Mfasiri dhaifu atakijaza kimya kile kwa porojo. Fundi atangoja, auache muziki upande kidogo, halafu amuulize yule mama, kama anayemuuliza jirani wa Biryogo, mbona anaikunja barua kwa unadhifu hivyo na habari zenyewe ni mbaya. Basi. Hakuongeza lingine. Saluni nzima sasa inatazama vidole vya yule mama, na kinyozi amesimamisha mashine juu ya kichwa cha mteja.

Ule ni uhakiki, tena wa hali ya juu. Sisi wengine hutoa maoni yetu juu ya muvi au kitabu baada ya kumaliza, tukiwa tumeketi mbali nacho, na anayetusikiliza hana budi kutuamini. Mfasiri hutoa yake picha ikiwa inakwenda. Akisema huyu shujaa ni mwoga, shujaa yupo pale pale mbele ya macho ya watu, na anaweza kumuumbua baada ya sekunde tano. Sijui mhakiki mwingine anayekubali kusutwa upesi namna hiyo.

Na kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyosikika. Anakaa na kompyuta na maiki, anashusha sauti ya asili anapozungumza, anaipandisha ngumi zinapoanza kurushwa au wimbo unapoingia. Mwigizaji anatema sentensi ndefu kwa sekunde mbili. Mfasiri lazima aisikie, aipime, aiseme, na hapo hapo aamue nini kiachwe. Wapo wanaoharibu. Kuna wanaofichua mwisho kabla hujafika nusu, na kuna wasioweza kumwona mwanamke kwenye kioo bila kumtukana, wakidhani huo ndio uchangamfu. Hao mimi huwazima.

Jina lililoijenga kazi hii Kigali ni la Yanga, yaani Nkusi Thomas, aliyefariki Agosti 2022 huko Afrika Kusini. Mdogo wake, Junior Giti, ni mfasiri pia, na Rocky Kirabiranya ana jeshi lake la mashabiki. Muulize mtu muvi aliyoitazama jana: huenda asikumbuke mwigizaji mkuu, ila atakwambia imefasiriwa na nani.

Si mambo ya Kigali peke yake. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyeisimulia upya kwa Kiswahili hata muvi ya Kinaijeria ya Karishika. Kampala ina VJ Jingo na wenzake, na ile filamu ya mtaa wa Wakaliga ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imezunguka dunia ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, akiisifu na kuitania muvi hiyo hiyo anayoieleza. Japani walikuwa na benshi, wasimulizi wa filamu zisizo na sauti. Heigo, kaka yake Akira Kurosawa, alikuwa mmoja wao. Filamu za sauti zilipoingia, benshi wakakosa kazi. Huku kwetu filamu zenye sauti ndizo zilizowapa vijana ajira.

Zamani msimulizi wa filamu Afrika Mashariki alikuwa sauti ya serikali. Mwaka 1935, huko Vugiri, Tanganyika, Waingereza walianza mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, na maelezo yake yakawekwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali. Mtazamaji alielekezwa cha kufanya. Hakuna aliyemtegemea msimulizi wa namna ile aseme kwamba picha hii imemchosha. Yanga na wenzake walilisema hilo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sasa deki za DVD zimetoweka majumbani, na kazi nyingi za mwanzo zilikuwa kwenye diski hizo. Kama kwenu bado lipo kasha la DVD za Yanga, usilitupe, wala usimpe mtoto diski achezee. Tafuta kompyuta inayosoma diski, zinakili, andika jina la kila muvi na mwaka ulioinunua kama unaukumbuka. Kisha panda hadi Kacyiru, kwenye Maktaba ya Umma ya Kigali, uwaulize kama watazipokea. Wakikataa, zihifadhi wewe.