Mikono ya Hester

Riwaya nyingi za mapenzi humtambulisha mwanamke kwa macho na kiuno chake. Beverly Jenkins, mwandishi Mmarekani Mweusi, anamtambulisha Hester Wyatt wa riwaya yake Indigo (1996) kwa kazi yake. Ni mwaka 1858, katika jimbo la Michigan. Hester huwapokea usiku watumwa waliotoroka Kusini, na kuwaficha nyumbani kwake hadi wapate njia ya kwenda Kanada. Sheria ya 1850 imewapa wawindaji wa watumwa nguvu ya kuwakamata watoro hata katika majimbo huru, hivyo kila hodi inaweza kuwa ya adui.

Ndipo analetwa Galen. Huyu ni tajiri, tena mtoroshaji mashuhuri wa watumwa, lakini Jenkins anamwingiza hadithini akiwa hoi kwa kipigo, uso umevimba. Mwenye nyumba ni Hester. Mwenye dawa ni Hester. Mgonjwa ana kiburi na maneno makali, lakini Hester hamwogopi. Mwandishi mwenye pupa angekimbilia busu. Jenkins anaitanguliza heshima, wawili hao wanabishana kwanza, mtu na mwenzake, na penzi linapofika tunaliamini. Ufundi huu ndio ninaoupenda kuliko wote katika kitabu hiki.

Halafu kuna ile mikono. Hester alizaliwa utumwani, akafanyishwa kazi ya nili utotoni, na rangi ikamganda mikononi asiweze kuiondoa. Galen anamwita Indigo, yaani nili: alama ya waliommiliki inageuka jina la mahaba. Rangi yenyewe Jenkins haifuti. Hester hahitaji kutakaswa ndipo apendwe, na mwandishi hatuombi tumwonee huruma.

Watetezi wa haki za wanawake wamelalamika kwa miaka mingi, nami nawaunga mkono, kwamba riwaya pendwa humzima mwanamke mara anapoolewa. Hester anaolewa, lakini watoro hawasahauliki, na hatari inayowafuata haikomi kwa sababu ya harusi.

Mwishoni mwa riwaya zake, mara nyingi Jenkins huorodhesha vitabu vya historia alivyovitumia. Msomaji aliyefuata mapenzi anaonyeshwa pa kwenda kusoma habari za Weusi wa karne ya 19 waliomiliki nyumba, wakafungua shule na kuwaficha ndugu zao.