Sampuli Iliyovunjwa Mawinguni

Wasomaji waliotazama filamu ya jaribio la roketi la Mercury-Atlas 1 wanajua kuwa hakuna cha kutazama: roketi inapaa, inazama katika wingu, basi. Aliyetoa idhini ya kuirusha asubuhi ile ya tarehe 29 Julai 1960, pale Cape Canaveral, ilhali mvua inanyesha na mawingu yametanda, alitenda kosa lisilo na udhuru, na sababu yake ataifahamu upesi kila aliyepata kusimama karibu na mashine ya kuchomelea kwa ukinzani.

Kwani taabu ya kazi hii ya kuchomelea, nami nimeisema hata nikawachosha watu, ni kwamba kiini cha nukta iliyochomelewa hujificha baina ya bati mbili, na alama nzuri ya elektrodi juu yake si ushahidi wa jambo lolote. Wakaguzi wanaopitisha kazi kwa kupapasa uso wake wangefaa zaidi kuuza vitambaa. Fundi hudhibiti mkondo, kani na muda, huchonga ncha za elektrodi kabla hazijatanuka, kisha hutwaa sampuli ya bati lile lile, akaibandua kwa nguvu, akakodoa macho: kiini kikitoka kizima na kuacha tundu katika bati la pili, kazi ni sahihi, bati zikiachana bila jeraha, mashine isimamishwe. Sampuli huvunjwa ili ionekane inavyovunjika.

Na roketi ya majaribio ni nini kama si sampuli kubwa? Tangi la roketi hiyo ya Atlas, la chuma kisichoshika kutu, mahali pengine jembamba kiasi cha robo ya milimita, likisimama kwa shinikizo la ndani tu, lilishindwa yapata dakika moja baada ya kuruka, na katika kamera zote hapana hata moja iliyoliona. Vikabaki vipimo vya redio na vipande vilivyoopolewa baharini, wakapata mabingwa wa hoja kitu cha kugombania.

Wajuzi wa kazi hawakuridhika na kudhani: Earl Ragsdale wa kiwanda cha Budd, Philadelphia, ambaye mbinu yake ya kuchomelea kwa nukta iliunda ndege ya BB-1 mwaka 1931, alizifungia mashine zake chombo cha kuandika kila pigo la mkondo, asimwachie mtu nafasi ya kudhani; na Karel Bossart mwenyewe, aliyebuni tangi la Atlas, husimuliwa kuwa aliwapa nyundo wageni wenye shaka walipige mbele yake.

Baadaye wahandisi waliliimarisha tangi: ukanda wa chuma waliouvisha roketi ya Mercury-Atlas 2, iliyofaulu tarehe 21 Februari 1961, ulikuwa kazi njema, na kadhalika bati nene zaidi la roketi zilizofuata.