Wafugaji wa Kupe

Mfugaji wa Afrika Mashariki anamjua kupe kama adui. Anaogesha mifugo joshoni, anawang'oa kupe masikioni kwa vidole, na bado hawaishi. Wapo hata hivyo watu wachache wanaoamka asubuhi kwenda kuwatunza. Wanawalisha kwa ratiba, wanawahesabu, wanahakikisha hewa ya kabati lao ina unyevu wa kutosha wasikauke, na wanajua ni lini watajivua gamba. Chanjo ya ndigana kali inatokana na malezi hayo, na katika kazi zote za utafiti wa mifugo sijui nyingine inayodai subira kama hii.

Ndigana kali huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia apendaye kujificha masikioni. Kimelea hicho kikiingia kwenye chembe nyeupe ya damu ya ng'ombe hakiiui. Kinaifanya igawanyike bila kukoma, nacho kinagawanyika pamoja nayo, hivyo kila chembe mpya inazaliwa ikiwa na kimelea ndani. Wachunguzi wa saratani ya binadamu wanaifuatilia sana tabia hii, kwa kuwa chembe hizo huenda mbio kama za saratani, lakini kimelea kikiuawa kwa dawa zinatulia. Mfugaji yeye anaona tezi ya chini ya sikio imevimba, kisha homa, kisha mnyama anaacha kula na kuanza kuhema kwa shida. Mwishoni mapafu hujaa maji, povu likatoka puani. Ng'ombe wa kigeni na chotara ndio hufa upesi, ila hata ndama wa kienyeji wanakwisha. Makadirio yanayotumiwa na watafiti ni ng'ombe milioni moja hivi wanaokufa kila mwaka.

Wazo la chanjo yenyewe unaweza kulieleza kwa sentensi moja: mpe ng'ombe ugonjwa wenyewe, ukiwa hai, na papo hapo mchome dawa itakayouzuia usimshinde. Kulifanya ndiko kulikochukua miaka. Kazi kubwa ilifanyika Muguga, nje kidogo ya Nairobi, katika shirika la utafiti wa mifugo lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Hapo ndipo mtafiti Walter Plowright alipotengeneza chanjo ya sotoka, ugonjwa ambao mwaka 2011 ulitangazwa kuwa umefutika duniani. Miaka ya 1970, watafiti Radley, Brown na Cunningham walionyesha kwamba vimelea vilivyotolewa kwa kupe, vikigandishwa na kuchanganywa kutoka asili tatu, huku ng'ombe akichomwa oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, humkinga mnyama dhidi ya aina nyingi za ndigana kali. Asili hizo tatu ni Muguga, Kiambu 5, na moja iliyohusishwa na nyati wa Serengeti. Hadi leo mchanganyiko huo unaitwa kwa jina la Muguga.

Sasa tazama unavyotengenezwa. Ng'ombe anaambukizwa makusudi. Siku kadhaa baadaye, mifuko ya kitambaa inagundishwa masikioni mwake na ndani wanamiminwa kupe wachanga. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Kupe mchanga hunyonya damu kwa siku chache tu kisha anaanguka, na vimelea navyo hujaa katika chembe nyekundu za damu kwa muda mfupi. Vipindi hivyo viwili vikipishana, kupe anashiba damu isiyo na kitu. Kwa hiyo fundi anapima joto la ng'ombe kila siku, anachukua tone la damu na kulitazama kwa hadubini, anahesabu, na anajaribu kukadiria siku ya kilele kabla haijafika, kwa sababu kupe lazima wawekwe mapema. Na ng'ombe huyo anaumwa kwelikweli. Kinga ya maelfu ya wengine inapatikana kwa mateso yake, na wanaoifanya kazi hii wanalijua hilo kuliko msomaji yeyote.

Kupe walioshiba wanakusanywa, wanawekwa mahali penye joto na unyevu uliopimwa, wanajivua gamba na kuwa wakubwa. Vimelea sasa vimo kwenye tezi zao za mate, lakini vimelala. Havikomai mpaka kupe aanze kunyonya tena. Basi wanapelekwa kwa sungura, mnyama asiyeugua ndigana kali, wakanyonya masikioni mwake siku nne hivi, kisha wanang'olewa mmoja mmoja kwa mkono kabla hawajashiba. Ukiwatoa mapema vimelea ni vichanga, ukichelewa vimekwisha kumwagika kwa sungura.

Kabla ya kusaga, wachache wanapasuliwa. Kupe ni mdogo, na tezi yake ya mate inatolewa kwa sindano nyembamba chini ya hadubini. Ikitandazwa kwenye kioo na kutiwa rangi, inaonekana kama kichala cha zambarau ambazo hazijaiva, na baadhi ya punje zimeiva kupita nyingine: hizo ndizo zenye vimelea. Fundi anazihesabu, kupe kwa kupe. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua kama kundi zima litafaa au litatupwa.

Wanaofaa wanaoshwa, wanasagwa, maji yake yanachujwa makapi na kutiwa gliseroli ili baridi isivipasue vimelea, kisha yanajazwa kwenye mirija myembamba na kugandishwa taratibu hadi kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Toleo moja la dozi milioni moja linahitaji ng'ombe wasiopungua 130, sungura 500 na kupe 600,000, na huchukua hadi miezi 18. Na bado haliruhusiwi kutoka. Ng'ombe wengine wanachomwa kwa vipimo tofauti, vikali na vyepesi, mpaka ipatikane dozi inayokinga bila kuua. Kipimo cha toleo lililopita hakiaminiki kwa toleo jipya, kwa sababu kupe hawa si wale.

Matoleo makubwa yalitengenezwa Nairobi na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, kisha uzalishaji ukahamia kituo cha magonjwa yaenezwayo na kupe, Lilongwe, Malawi.

Wataalamu wa jeni nao wameingia kazini. Mwaka 2015 walisoma jenomu za asili zile tatu wakakuta ya Muguga na ya Serengeti zinakaribiana mno, na Kiambu 5 ndiyo iliyo mbali. Mwaka 2022 wengine wakaeleza sehemu ya jeni inayowasaidia baadhi ya ng'ombe wa Kiafrika kustahimili ugonjwa huu, waliyoipata kwa kufuata uzao wa fahali mmoja wa Boran. Naona hiyo ndiyo habari njema kuliko zote za miaka hii, maana uvumilivu wa kurithi hauhitaji mtungi wa naitrojeni.

Kwa leo, mtungi unahitajika. Mchanjaji anaubeba mpaka bomani, anayeyusha mrija, anaupunguza makali kwa maji yake maalumu na kuuweka kwenye barafu, na kuanzia hapo anashindana na saa, kwani vimelea vinakufa kadiri muda unavyokwenda. Anakadiria uzito wa kila mnyama kwenye kibanio ili apate kipimo sahihi cha ile oksitetrasaiklini, ambayo wafugaji wanaiita OTC. Akikosea kidogo kwa kupunguza, ndama anaugua. Dawa inaingia kwenye msuli, chanjo inaingia chini ya ngozi karibu na sikio, mililita moja, na mnyama anavishwa hereni. Kaskazini mwa Tanzania, ambako Wamaasai wameipokea chanjo hii kwa wingi, hereni hiyo inapandisha bei mnadani.

Ina mipaka yake. Mahali ng'ombe wanapochungwa pamoja na nyati, kinga hupenywa. Na mrija mmoja huchanja ng'ombe 40, kiasi kinachomfaa mwenye kundi kubwa na kumwacha nje mama mwenye ng'ombe wawili wa maziwa.

Kwa hiyo, ewe mwenye ng'ombe wawili, usimsubiri mchanjaji apite kwako peke yako. Zungumza na majirani, andikeni idadi ya ndama mlio nao, mpelekeeni daktari wa mifugo wa kata orodha ya wanyama 40, na mumtake aje siku moja kwa wote. Ndama wakishachanjwa, endeleeni kuwaogesha, kwa sababu kupe hubeba magonjwa mengine ambayo chanjo hii haiyagusi.