Tukiwaita wote ‘tai’, tunamwadhibu asiye na hatia

Juma lililopita nilikuwa Naivasha na mjukuu wangu wa gredi ya nne. Tulipanda mashua. Mwendeshaji, kijana mcheshi, akapiga mbinja na kurusha samaki majini. Kutoka juu ya mgunga akateremka ndege mwenye kichwa cheupe na tumbo la hudhurungi, akamnyakua samaki yule na kurudi mtini. Nikamuuliza kijana ndege huyo anaitwaje. Akamtaja kwa Kiingereza. Na kwa Kiswahili je? “Kwa Kiswahili? Huyo ni tai tu, mzee.”

Jioni, tukirudi Njoro, tulipita Gilgil tukaona ndege wenye shingo ndefu zisizo na manyoya wakigombania mzoga wa punda milia aliyegongwa kando ya barabara. “Guka, ona tai wengine!” akasema mjukuu wangu, kwa uhakika wa mtu aliyefunzwa. Na kweli alikuwa amefunzwa. Nyumbani niliomba kitabu chake cha Kiswahili. Picha ilikuwa ya ndege yule wa ziwani. Chini yake pameandikwa ‘tai’. Sentensi ya mfano inasema tai hula mizoga. Yaani sura ya ndege mmoja imepewa tabia ya mwingine!

Mpenzi msomaji, huenda ukaniambia: Profesa, hayo ni mambo madogo, ndege ni ndege. Naomba kutofautiana nawe. Nahoji kwamba ufinyu huu wa msamiati, ambao umeota mizizi vitabuni na katika vyumba vya habari, una gharama, na gharama yenyewe hailipwi na sisi waandishi.

Tuanze na lugha. Si kweli kwamba Kiswahili hakina maneno. Anayekula samaki ni furukombe. Mla mizoga ni tumbusi. Mwewe ni yule mnyakuzi wa vifaranga na hata wa kipande cha nyama mkononi. Kipanga ni mwindaji mdogo mwenye kasi, na wenzetu wa Tanzania wamempa heshima kwa kumwita hivyo mwanafunzi anayeng’ara darasani. Kuna kozi. Kuna bundi, na kuna bundi mkubwa aitwaye babewatoto, jina linalokuonyesha mara moja kwamba watoto walitishiwa naye. Wote hao kwa ujumla tunaweza kuwaita ndege mbuai.

Fungua Biblia ya Union Version, Walawi sura ya 11, kwenye orodha ya ndege walioharamishwa. Utakutana na tai, furukombe, kipungu, mwewe, kozi, kipanga, bundi na hata nderi, neno ambalo Mkikuyu yeyote atalitambua papo hapo. Maneno hayo husomwa kanisani, lakini mhariri akiketi kuandika habari, yote humtoka.

Kwa haki, Biblia hiyo hiyo imechangia utata. Katika Isaya, tai ndiye mfano wa nguvu mpya na mbawa zinazopaa. Katika Mathayo, tai ndio wanaokusanyika penye mzoga. Watafsiri sikuwalaumu, kwa sababu Kigiriki cha Mathayo nacho kinatumia neno linaloitwa tai kwingineko. Kamusi zetu pia zimelifafanua neno hilo kwa namna inayoweza kumhusu mwindaji na mla mizoga vilevile. Kuna sababu ya kihistoria. Lugha hii ilikulia pwani, ambako furukombe na mwewe huonekana kila siku. Makundi ya tumbusi ni ya mbuga na nyanda, kwa Wamaasai wanaowaita ilmotonyi. Kiswahili kilipopanda bara kilikuta ndege wengi, kikawavika wote vazi moja.

Sasa gharama. Mfugaji wa Bonde la Ufa akipoteza mwanakondoo kwa tai mwindaji, ana kesi ya haki. Lakini tumbusi hana sehemu katika kesi hiyo. Miguu yake imeumbwa kwa kutembea na kusimama juu ya mzoga, si kwa kunyakua. Kazi yake ni kusafisha: kundi lake humaliza mzoga kabla haujaoza na kueneza magonjwa. Hata hivyo, siku kesi itakaposikizwa, mshtakiwa na mpita njia wana jina moja. Wanapokufa, hatuulizi ni nani amekufa. “Ni tai tu.”

Na wanakufa. Mfugaji aliyeuliwa ng’ombe na simba au fisi hunyunyizia mzoga sumu akimlenga muuaji. Tumbusi hufika mapema na kwa wingi, na mzoga mmoja huweza kuangamiza makumi yao. Nyaya za umeme nazo huwaua ndege wenye mbawa pana. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa msimu, kwa hiyo pengo haliziki upesi. Mwaka 2015 spishi kadhaa za tumbusi wa Afrika, akiwemo yule anayejenga viota kwenye miamba ya Hell’s Gate, ziliingizwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha hesabu za ndege kando ya barabara zetu miaka ya 1970 na zile za kati ya 2003 na 2020, ulionyesha kuwa spishi 19 kati ya 22 zilizochunguzwa nchini zimepungua.

Sisemi kwamba neno huua. Sumu ndiyo huua. Ninachosema ni kwamba huwezi kumwomba mtu amhifadhi ndege ambaye hujampa jina la kumtofautisha na adui yake.

Kwa bundi kosa letu ni tofauti. Jina analo, ila tumelijaza uchuro hadi likafurika. Akilia juu ya paa usiku, asubuhi anatafutwa kwa mawe. Kisha mwenye boma huyohuyo anakwenda dukani kununua dawa ya panya! Hapa Njoro na Molo, wakulima wa viazi hulia kila msimu kuhusu fuko. Yule ndege wa kifua cheupe na mkia mwekundu anayekaa juu ya nguzo kando ya shamba huwinda fuko bila malipo. Wangapi kati yetu wanamwita kitu kingine isipokuwa mwizi wa kuku?

Wazee walikuwa na busara zaidi. Methali inasema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Hapo hasara inakubaliwa bila kufichwa. Lakini ngano ile ya kuku na mwewe inatukumbusha upande wa pili: kuku aliazima wembe akaupoteza, na ndiyo maana anachakura hadi leo, na mwewe anadai. Fasihi simulizi ilimpa mwewe hoja. Sisi wenye shahada tumemnyima hata jina.

Pendekezo langu si gumu. Wachapishaji warekebishe vitabu katika toleo lijalo: tai abaki mwindaji, mla mizoga aitwe tumbusi, na wa ziwani aitwe furukombe. Wahariri wa magazeti na redio wawe na orodha hiyo mezani. Waandaaji wa kamusi watenganishe fasili. Nanyi walimu wa Nakuru, Baringo na Narok, waulizeni watoto ndege hao wanaitwaje kwa lugha za nyumbani kabla ya kuwafundisha jina la Kiswahili. Mtagundua kwamba nyanya zao waliwatofautisha zamani.

Mjukuu wangu amekwisha kulifuta neno ‘tai’ chini ya picha ile na kuandika ‘furukombe’ kwa kalamu nyekundu. Mwalimu wake ameniita shuleni Jumatatu. Nitakwenda.