Nyuzi za Mti katika Manyoya ya Paka

Katika chapa za paka alizozitoa Kiyoshi Saito, msanii wa Kijapani aliyezaliwa Aizu mwaka 1907, jambo la kwanza la kustaajabisha ni kwamba manyoya hayakuchorwa wala hayakuchongwa. Mwili wa mnyama ni pande pana la rangi, na ile mistari myembamba ipindayo ndani yake, ambayo mtazamaji huidhania kazi ya mkono wenye subira, ni nyuzi za mti wenyewe zilizopigwa chapa.

Hila hii, ikielezwa, ni nyepesi. Mti wa nchi zenye majira ya baridi huongeza kila mwaka tabaka mbili, moja laini ya wakati wa kuchipua na nyingine ngumu ya mwisho wa kiangazi. Basi ubao ukisuguliwa kwa burashi ya waya, ile laini huliwa ikawa mifereji, ile ngumu ikabaki matuta, na rangi ikipakwa hushika matuta. Hapo karatasi ya magome ya mforosadi, iliyotiwa unyevu kidogo, hulazwa juu kwa kufuata alama mbili zilizochongwa ukingoni mwa ubao, ili rangi ya pili isiikose ya kwanza, kisha husuguliwa mgongoni kwa kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi, ambacho Wajapani hukiita baren: mkono ukilemea, karatasi huzama katika mifereji na nyuzi hupotea, ukilegea, rangi hutoka madoadoa.

Walakini kazi kubwa hutangulia yote hayo, nayo ni kuchagua ubao. Uliopasuliwa kupita kiini cha gogo hutoa mistari iliyonyooka, nao hufaa mvua au ukuta. Uliopasuliwa kandokando hutoa mapindi, nao ndio umfaao mnyama. Mafundi wa kale wa Edo, jiji liitwalo leo Tokyo, walipendelea mcheri, mgumu na wa nyuzi za karibu, ili mstari wa mchoraji upite bila kikwazo, na kazi iligawanywa baina ya mchoraji, mchongaji na mpiga chapa, wote chini ya mchapishaji mwenye mali. Yamamoto Kanae alipochora, akachonga na kupiga chapa mwenyewe picha ya mvuvi mwaka 1904, alifungua mlango ambao Saito, aliyepata kuwa mwandika vibao vya maduka, aliuingia baadaye. Na kwa rai yangu faida ya kufanya yote mwenyewe haikuwa huo uhuru wa msanii unaosifiwa mno, bali ni kule kukaa na ubao hata akajua unataka kuwa mnyama gani.

Edvard Munch wa Norway alikwisha kuziacha nyuzi zionekane tangu miaka ya 1890, lakini kwake aghalabu ni pazia nyuma ya watu, ilhali kwa Saito, aliyetuzwa São Paulo mwaka 1951, zimekuwa mwili. Si kila mahali alifaulu: katika baadhi ya picha zake za kuta na bustani nyuzi zimetandazwa kote, jiwe na mchanga vikavaa vazi moja, na jicho likachoka kabla ya kufika pembeni.