Tunampenda Rin. Nani Atataja Majina ya Mugen?

Jaribu kumwambia msomaji wa The Poppy War kwamba Rin ni muuaji, halafu ujipange kwa mabishano. Atakuambia alisukumwa hadi ukutani. Atakuambia hukuisoma vizuri ile sura ya Golyn Niis. Ukizidi kubisha, atakumaliza kwa swali moja: "Sasa wewe ungefanya nini?" Utetezi huu nimeusikia kwa wanafunzi wa hosteli za Ngara, nimeusikia ndani ya matatu ya kwenda Thika Road, nimeusoma kwenye vikundi vya WhatsApp ambako PDF ya kitabu hufika kabla ya karatasi. Maneno hubadilika kidogo tu. Rin ni wetu, usimguse.

Mimi pia nampenda, na ndiyo maana naandika. Naona upendo wetu umeruka jambo moja kubwa, na nitadai kwamba mwandishi mwenyewe ametusaidia kuliruka. (Kama hujamaliza vitabu vyote vitatu, rudi hapa baadaye. Nitasema mwisho.)

Kwa ambaye hajakutana naye: Fang Runin ni yatima wa vita anayelelewa Tikany, kijiji cha kusini katika milki ya Nikan, na familia inayouza afyuni kwa magendo. Wanataka kumwoza kwa mzee mwenye cheo. Mlango pekee wa kutokea ni Keju, mtihani wa taifa. Anaufaulu, anaingia Sinegard, chuo cha kijeshi cha watoto wa wakubwa. Vita vinapozuka anapokea nguvu za mungu wa moto, na kufikia mwisho wa kitabu cha kwanza ameteketeza kisiwa cha adui, Mugen, pamoja na watu wake. R.F. Kuang, aliyezaliwa Guangzhou na kukulia Marekani, alikitoa kitabu hicho mwaka 2018 kabla hajatimiza miaka 22. The Dragon Republic ikafuata 2019, kisha The Burning God 2020.

Kwa nini huyu msichana ametushika hivi? Wengi husema ni vita, ni mizimu, ni kasi ya hadithi. Nadhani ni mtihani.

Wengi wanaosoma vitabu hivi Nairobi ni watoto wa KCPE, mtihani ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023. Rin anajidondoshea nta ya mshumaa mkononi ili usingizi usimbebe. Msomaji wa kwingine anaweza kuona hapo ukali uliobuniwa. Sisi tunakumbuka miguu ndani ya karai la maji baridi wakati wa prepu, na mwalimu akisema wenzenu wa shule fulani hawajalala. Matokeo yakitoka, wakubwa wanadai Rin ameiba mtihani, maana mtu wa Tikany hawezi kupita namna hiyo. Kisha akifika Sinegard wanamcheka lafudhi, wanamcheka rangi ya ngozi, na mwalimu mmoja anamfukuza darasani. Yeyote aliyetoka ushago na sanduku la bati akaingia shule ya kitaifa hahitaji kuelezwa zaidi. Kurasa mia moja hazijaisha na tayari tumeshatia sahihi: huyu akishinda, tumeshinda.

Hiyo sahihi ndiyo inayotuletea shida. Tumeitia mapema, kabla hatujajua atashinda nini.

Pia tunaletea kitabu hiki macho tuliyopewa shuleni. Kwenye somo la fasihi simulizi tulikariri sifa za jagina wa mighani: ana nguvu zisizo za kawaida, anapigania watu wake, nguvu zake zina siri, na anakufa kwa kusalitiwa. Lwanda Magere alikuwa na mwili wa jiwe mpaka mke aliyetoka upande wa adui akagundua kwamba uhai wake uko kwenye kivuli. Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na mshairi, aliuawa na mwanawe mwenyewe aliyehongwa na mtawala, kwa kuchomwa shaba kitovuni. Hadithi hizi ni tamu na zina ukweli wake. Lakini zote mbili zinaweka ubaya nje ya shujaa. Kuna mtu alimsaliti. Bila huyo msaliti, tungekuwa sawa.

Basi tunamsoma Rin kwa karatasi ile ile ya majibu. Msikilize shabiki akieleza kilichoharibika, atakupa orodha ya wasaliti. Vaisra, mbabe wa vita aliyemtumia kisha akamuuza kwa wageni. Nezha, aliyemchoma kisu mgongoni mwisho wa kitabu cha pili. Yote hayo yapo kitabuni, hakuna uongo. Ila angalia kalenda. Mugen inaungua mwisho wa kitabu cha kwanza, kabla Vaisra hajamuuza, kabla kisu cha Nezha hakijatolewa. Rin alikuwa na hasira ya haki, alikuwa na nguvu, na alichagua. Kuang amesema wazi kwamba safari ya Rin aliichora kwa kufuata ya Mao Zedong: mtu wa mashambani anayeibuka na kukomboa nchi, kisha nchi inamlipa kwa maiti. Jagina wa namna hii hahitaji msaliti ili aanguke.

Hapo msomaji mwenye haraka atasema: sawa, kumbe Rin ni mwovu, tufunge kesi. Hapana bana. Ukimfanya mwovu tu umejirahisishia kazi vilevile. Uzuri wa Rin ni kwamba kila hatua tunaielewa. Adui ni mnyama kweli. Watawala wa Nikan ni waoga kweli. Hakuna mahakama ya kukimbilia. Shujaa mchafu wa aina hii, anayependwa sasa kwenye riwaya nyingi za fantasia, anatuvutia kwa sababu hatudanganyi kwamba mikono safi inatosha. Kwa kijana ambaye amefuata sheria zote, akapata digrii, na bado hana kazi, huo ni ukweli anaoujua.

Sasa nifike kwenye lawama yangu kwa kitabu chenyewe.

Golyn Niis ni kivuli cha Nanjing ya mwaka 1937, na Mugen ni kivuli cha Japani. Kuang anapofika Golyn Niis hakimbii. Anatutembeza barabarani mwili kwa mwili. Anamkalisha Venka, aliyekuwa mwanafunzi mwenzake Rin, atueleze kwa mdomo wake alichofanyiwa. Ni sura ngumu kuliko zote, na ni lazima iwe ngumu. Lakini Rin anapoichoma Mugen, tunaona nini? Tunaona Rin. Tunaona mungu, mwanga, mlima ukipasuka, na hasira yake ikipata njia. Hatukai na mama mmoja wa Mugen jikoni. Hatumwoni mtoto mmoja akiitwa kwa jina. Mauaji tunayofanyiwa yana nyuso. Mauaji tunayofanya sisi ni moshi unaoonekana kutoka mbali.

Mtetezi wa Kuang atajibu kwamba ndivyo hasa Rin anavyoona, na riwaya inakaa ndani ya kichwa chake. Jibu hilo lina nguvu. Kitay, rafiki yake wa karibu, anashtuka na kumkabili kuhusu alichofanya, na kitabu cha pili kinamwonyesha Rin akizamisha hatia ndani ya afyuni. Mwandishi anajua. Lakini kujua na kumfanya msomaji ahisi ni vitu viwili. Ushahidi wangu ni sisi wenyewe: tumemaliza kitabu, na mtu akitaja wafu wa Mugen tunauliza, "Sasa wewe ungefanya nini?" Kama sura ile ingefanya kazi yake yote, swali hilo lingekwama kooni.

Kwa nini jambo hili liwe na uzito Nairobi? Kwa sababu hii nchi inajua moto. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa watu wakiwa wamejificha ndani, wanawake na watoto. Tume ya Waki baadaye ilihesabu vifo 1,133 katika machafuko ya baada ya uchaguzi. Miezi ile kila upande ulikuwa na orodha yake ya dhuluma, na dhuluma nyingi zilikuwa za kweli. Kila upande ulikuwa na Golyn Niis yake ya kusimulia kwa majina, na Mugen yake ya kuhesabu kwa tarakimu.

Na kizazi hiki hiki kinachomtetea Rin ndicho kilichokataa tarakimu tupu. Baada ya 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bunge wakipinga Mswada wa Fedha na wengine wakapigwa risasi, mswada uliondolewa, lakini vijana hawakuridhika na idadi ya wafu. Walisambaza majina. Walisambaza picha, umri, kazi ambazo wale vijana walikuwa wakifanya. Tarehe 7 Julai wakajaa Uhuru Park kuwakumbuka. Walijua kitu ambacho serikali nyingi hutegemea watu wasikijue, kwamba mtu asiye na jina ni rahisi kumuua mara ya pili. Msomaji anayejua hilo akiwa barabarani asilisahau akiwa na kitabu mkononi. Hasira yetu ni halali. Ya Rin pia ilikuwa halali, na haikumzuia kuwasha.

Ndiyo maana nasikitika kwamba wengi huishia kitabu cha kwanza, au hukiruka cha tatu wakisema kimepoa. Kweli, mfululizo una kasoro. Kitabu cha pili kinazunguka, watu wanapanga, wanasalitiwa, wanapanga tena. Mazungumzo mengine yanasikika kama ya bweni la chuo kikuu cha leo, hata katikati ya vita. Lakini The Burning God ndicho kinacholipa deni. Rin anarudi kusini kwao, anashinda, na ghafla ana nchi yenye njaa na watu wanaomwangalia wakingoja chakula. Moto hauoti mtama. Anaanza kuwashuku waliomsaidia. Mwishoni, kisiwani Speer, anaushika mkono wa Nezha na kuielekeza silaha moyoni mwake mwenyewe, na Kitay, ambaye roho yake imefungwa kwake, anakufa naye. Nchi inabaki kwa mtu ambaye mashabiki wa Rin wamemchukia kurasa mia kadhaa, na huyo ndiye atakayelazimika kuketi mezani na wageni wenye ndege za vita.

Wengi huuona mwisho huo kama wizi. Wanataka Rin atawale. Mimi naona ni mara ya kwanza Rin anajitazama kwa macho ya watu walioungua. Kuang hakutupa majina yao, na hilo litabaki pengo kwenye kazi kubwa. Kwa hiyo kazi hiyo ni yetu tunaposoma mara ya pili: soma sura ya Golyn Niis, kisha ile ya moto, bila kupumzika katikati, na kila mahali palipoandikwa Mugen uweke mtu mmoja unayemfahamu, mwenye jina, anayepika chai asubuhi hiyo.