Usemi na Kimya katika Filamu Zetu

Filamu ni sanaa changa kwetu ikilinganishwa na ushairi, ngano na ngoma. Si ajabu basi kwamba bado inaitafuta namna yake ya kusema. Sisi hatudai utaalamu wa kamera wala wa taa. Tunatazama kama watazamavyo wengine, na kusikiliza kama wapenzi wa lugha. Lakini mtazamaji ana haki ya kutoa rai, maana ndiye atengenezewaye filamu. Katika zile tulizozitazama karibuni, jambo moja limetushughulisha: kiasi cha maneno.

Tuanze na filamu za video za miaka ya 2000. Wengi wa wachezaji wake walilelewa katika maigizo ya televisheni, ambayo nayo yalifuata nyayo za mchezo wa redio, na redioni lisilosemwa halipo. Kwa hiyo mke hulia, kisha hueleza kwa nini analia. Sababu si uvivu peke yake. Sebule ya kuazima ina gharama ndogo kuliko safari ya kupiga picha shambani au baharini. Tena hadithi moja aghalabu iliuzwa kwa sehemu mbili, hivyo mazungumzo yakavutwa ili mnunuzi arudi dukani. Hata hivyo tusizibeze kazi hizo. Zilisema Kiswahili cha watu, nao watu wakazipenda. Umati uliofurika katika mazishi ya Steven Kanumba mwaka 2012 ni ushahidi wa kutosha.

Sasa tutazame upande wa pili. Katika Maangamizi ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, Amandina Lihamba anaigiza Samehe, mgonjwa katika hospitali ya akili ambaye kwa miaka mingi hakunena. Asira, daktari Mmarekani mwenye asili ya Afrika, anajaribu kumfikia. Hapa uso ndio unaosema, na methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkuu inapata mwili. Kimya cha Samehe kina sababu ndani ya hadithi yenyewe: ni jeraha. Kwa hiyo hatukichoki.

Je, kila kimya ni cha namna hiyo? Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni hadithi ya Zanzibar chini ya Waingereza: Yasmin, binti wa Kihindi, anaikimbia ndoa ya kuozwa na kukutana na Denge, mpigania uhuru. Picha zake ni nzuri mno. Vichochoro, ukumbi wa taarabu na bahari vyote vina pumzi. Lakini Adam Shafi huwaacha watu wake wazungumze, wataniane na wabishane, na katika ubishi huo ndimo msomaji anamoelewa kwa nini Denge yuko tayari kufungwa. Filamu imepunguza mno mazungumzo hayo. Macho ya wapenzi wawili yanaweza kutueleza mapenzi. Hayawezi kutueleza siasa. Hapo tulitamani kusikia hoja, tukapewa machweo.

Hatusemi basi kwamba maneno ni mabaya au kimya ni bora. Mshairi alijua jambo hili zamani. Mshororo wa mizani 16 hupumzika baada ya mizani ya 8; pumziko hilo halina neno, lakini likiondolewa shairi huyumba, na likirefushwa hukatika. Filamu nayo yataka kituo chake. Picha isirudiwe na maneno, na neno lisilo na mbadala lisiachwe kwa kuogopa kuonekana washamba mbele ya wageni.

Jambo hili ni zito, kwa sababu watoto wengi sasa husikia lugha kwenye kioo kabla ya kuisoma kitabuni. Wakisikia porojo, watadhani Kiswahili ni lugha ya porojo. Wakikuta watu wazuri wasionena, watadhani mambo makubwa husemwa kwa lugha nyingine. Ndiyo maana tunawasihi watengenezaji wa filamu wamshirikishe mwandishi tangu mwanzo, wamlipe ujira wake, na wampe nafasi ya kufuta.